Koti Moja kwa Marehemu Wote

Wewe unayenisikiliza, usiwashe mashine bado. Vuta kiti, weka mikono juu ya meza, uipumzishe. Wengi wanaokuja kwangu hapa Butembo kujifunza kutengeneza picha kwenye Linux wanataka kuanza na makasi: wakate kichwa hapa, wakibandike pale, wacheke. Makasi yatakuja, na utayaweza, hata kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika kipanya. Mimi nilikuja nikiwa mchora vibao vya maduka, rangi imejaa kwenye kucha, na kile kipanya nilikishika kama mtu aliyepewa yai. Lakini huwa sianzi na makasi. Naanza na Madame.

Hilo si jina lake. Hapa kwetu mwanafunzi humwita mwalimu wa kike Madame, na yeye alifundisha kukata na kushona katika shule moja ya wasichana. Basi mji mzima ukamwita hivyo, hata wazee ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Aliletwa na serikali kutoka Kasai, akimfuata mumewe aliyekuwa askari. Kiswahili alikikuta hapa akiwa mtu mzima, akakijifunza sokoni, na alikizungumza polepole kama anayepima kitambaa. Baridi yetu hakuizoea kamwe. Alivaa sweta mbili, na juu yake mita ya fundi ikining'inia shingoni, hata Jumapili baada ya misa. Mbele ya mashine aliketi na pini midomoni. Hakukuwa na kitu cha kubana kwa pini pale, ila alisema bila pini akili yake haitulii.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, moja kati ya zile shule ilizopewa na wafadhili. Ilikuwa imekwisha kwa virusi. Kila flashi iliyotoka mjini ilileta ugonjwa wake, na kazi za wanafunzi zilipotea kabla hazijasomwa. Mwalimu mmoja wa fizikia alirudi kutoka Kampala na CD ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usioshikwa na virusi vile, tena ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, akaiweka. Mkuu wa shule alipoona vitu havipo mahali alipozoea kuviona, alisema mashine imeharibika kabisa sasa, afadhali mwanzo. Madame akaomba kuichukua. Aliibeba mpaka kwake imefungwa kwa kitenge, na ile skrini akawa anaifunika kwa kitambaa cheupe kila alipomaliza kazi, kama watu wanavyofunika mkate.

Nilipoketi mbele ya mashine hiyo mara ya kwanza, sikujua niguse wapi. Madame alitoa pini midomoni.

"Umeingia mu jikoni ya mutu mwengine, njo yote," aliniambia, akimaanisha ndiyo hayo tu. "Chumvi iko. Fungua kabati moja, funga, fungua ingine. Hapana lia."

Nami nakwambia hivyohivyo. Ukiwasha, pale chini kushoto kuna kitufe cha menyu. Ukikibofya utaona kabati zimeandikwa: za picha, za sauti, za ofisi. Fungua moja, angalia, funga. Hakuna kitakacholipuka. Madame alikaa siku nyingi akifungua na kufunga tu, bila kutengeneza kitu, mpaka akajua kila kijiko kilipo. Alikuwa na subira hiyo kwa mashine. Kwa watu hakuwa nayo kila mara, hasa kwa mtu aliyemwekea mwanga pande mbili. Ukimletea picha uliyotengeneza, uso una kivuli upande wa kushoto na kola ina kivuli upande wa kulia, alikuuliza kwa upole kama kwenu jua hutoka pande zote mbili, halafu hakusema tena na wewe mpaka umerekebisha.

Kazi iliyomfanya ajulikane haikuwa kalenda wala kadi za harusi, ingawa alizitengeneza pia. Ilikuwa picha za matanga.

Wewe ni wa hapa, unajua. Katika miaka ile, watu walipokuwa wanauawa mashambani na barabarani, mara nyingi familia ilibaki na picha moja tu ya mtu wao: ile ya karte ya kuchagua, kadi ya mpiga kura. Nayo ni ndogo kama ukucha, haina rangi, mistari ya karte imepita juu ya paji la uso. Tena inamwonyesha mtu akiwa amepanga mstari tangu alfajiri, ameambiwa asicheke, asigeuke, anatazama kamera ya serikali kama mshitakiwa. Matanga bila picha hayana pa kutazama. Watu wanakuja, wanakaa, hawajui wageukie upande gani. Basi walikuja kwa Madame na karte mkononi, wengine kutoka Alimbongo, wengine kutoka Beni, wakati wowote barabara ilipopitika.

Mimi pia nilikuja na karte. Ndugu yangu, anayenifuata tumboni, aliuawa akivuna mihogo upande wa Kalunguta. Waliomuua walitoka porini na wakarudi porini, na zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu. Nilimwekea Madame ile karte mezani na kuanza kumweleza nataka ukubwa gani, fremu gani. Hakuwa ananisikiliza. Aliishika karte karibu na dirisha, akaigeuza huku na huku.

"Alikuwa nacheka na mdomo ao na macho?" aliuliza.

Hakuna aliyeniuliza jambo lolote juu ya ndugu yangu tangu tumzike, isipokuwa alikatwa wapi. Nikasema, na macho.

Alifanya kazi mchana wote, jenereta ya jirani ikinguruma, mimi nimekaa nyuma yake. Niliona jinsi alivyochukua ngozi ya shavu, kidogokidogo, na kuiweka juu ya ule mstari wa karte mpaka ukafifia. Kifaa hicho utakitumia leo. Kinaitwa cha kunakili. Niliona akiinua kope la juu, upana wa unywele mmoja tu, na ndugu yangu akaacha kuogopa. Sijui niseme namna gani nyingine. Alikuwa anaogopa, kisha hakuogopa.

"Kule aliogopa mashini," Madame alisema bila kugeuka. "Huku iko kwake."

Halafu akamvisha koti.

Sasa nikueleze habari za koti, maana ndilo lililofanya watu wacheke, na baadaye ndilo lililowafanya waseme. Familia nyingi zilitaka marehemu wao avae suti na tai. Karte inaishia shingoni, kwa hiyo mwili ilibidi utoke mahali pengine. Madame alikuwa na picha moja tu nzuri ya suti, imepigwa mbele kabisa, mabega sawa, mwanga umetoka kushoto. Koti la bluu iliyokoza, shati jeupe, tai nyekundu yenye mistari. Alilikata vizuri kwa yale makasi, akaliweka tayari, na wanaume wote waliokufa wakalivaa. Mnene alipanuliwa, mwembamba akapunguzwa, alipima nyuso zao kwenye skrini kwa ile mita yake ya shingoni. Lakini koti lilikuwa lilelile. Ukienda matanga Kalunguta, unamkuta marehemu na tai nyekundu yenye mistari. Ukienda Beni wiki inayofuata, tai ileile.

Wamama walikuwa wanataniana. Walisema huko mbinguni watu wa Butembo wamepanga mstari mlangoni, anayetoka anamvulia anayeingia. Mjane mmoja wa Alimbongo, ambaye mumewe alilima viazi maisha yake yote na hakuvaa kiatu cha ngozi, aliitazama picha kwa muda mrefu. Akamwambia Madame kwamba huyu bwana alikataa kununua shati la Noeli miaka yote ya ndoa yao, kumbe pesa ya suti alikuwa nayo. Kisha akalia, akaikumbatia ile fremu, akasema, "Wasingya, Madame. Wasingya." Ni asante ya kwetu, ya Kinande, na Madame aliijua vizuri kuliko neno lolote lingine la lugha yetu, kwa sababu ndilo aliloambiwa zaidi.

Nilipomaliza matanga ya ndugu yangu nilirudi kwake, nikamwomba anifundishe. Hakuuliza kwa nini. Alinipa kiti.

Somo lake la kwanza lilikuwa lile nitakalokupa. Picha unayoifanyia kazi kwenye mashine si karatasi moja. Ni karatasi nyingi zinazopitisha mwanga, zimelazwa moja juu ya nyingine, na unapotazama kutoka juu unaona zote kama moja. Kifaransa cha mashine kinaziita kalke, na kwa mshonaji neno hilo si geni: ni ile karatasi laini unayoilaza juu ya mchoro wa gauni ili unakili bila kuuharibu mchoro wenyewe. Madame alilielewa jambo hilo siku moja, wakati walimu wenzake walilihangaikia mwezi. Ile picha ya asili iko chini. Unaifanyia nakala, unafunga ya chini kwa alama ya kufuli, unafanya ujinga wako wote juu ya nakala.

"Hapana gusa ya chini," alikuwa anasema. "Ya chini njo mutu mwenyewe. Ya juu ni kazi yetu."

Nilidhani ni ukali wa mwalimu tu. Alikuwa anapita nyuma ya viti vyetu, sisi watu wazima wachache aliotufundisha Jumamosi, na akiona kufuli haijafungwa alikupiga begani kwa ile mita, si kwa kuumiza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anajifunza kutengeneza vibandiko vya makopo ya asali alimwambia, "Madame, lakini hii ni picha ya kopo." Madame akajibu kwamba kopo nalo lina mama yake. Tulicheka sote. Yeye hakucheka sana.

Tena alikuwa na jambo lingine lililotuchanganya. Kwa sababu umeme ulikuwa wa jenereta na ungeweza kukatika wakati wowote, alitufundisha kuhifadhi kazi kila mara, Ctrl na S, mpaka vidole vijifanyie vyenyewe. Lakini papo hapo alituogopesha kuhifadhi. Mashine ikikuuliza kama uhifadhi, alisema, usijibu haraka. Soma kwanza inataka kuweka wapi. Weka kwa jina jipya. Usiweke juu ya la zamani. Basi tulikaa kati ya hofu mbili, umeme usikatike na mkono usikubali upesi, na yeye hakutueleza hofu ya pili ilitoka wapi.

Usidhani alikuwa mtu wa ukweli mtupu. Alidanganya kwa picha kila siku, na alijua. Alipunguza matumbo ya maofisa wa serikali waliotaka picha za ukutani. Aliongeza meno. Ofisa mmoja wa jeshi alimwomba amwongezee nyota begani, nyota moja tu, ya kumtumia mama yake. Madame akamjibu kwa Kilingala, kwa heshima yote, kwamba nyota ingempendeza, ila aende kwanza kuileta ili aipige picha. Yule ofisa alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo kulikuwa na uongo alioukubali na uongo alioukataa, na mpaka wake haukuwa rahisi kuuona.

Uongo mkubwa kuliko wote aliufanya kwa ajili ya mama mmoja wa Kalunguta. Mwanawe aliyeuawa alikuwa hajafika umri wa kuchagua, hana karte, hana picha yoyote duniani. Mama alikuja na watoto wake waliobaki, wamepanda nyuma ya pikipiki mbili. Madame aliwaketisha mmoja mmoja mbele ya dirisha, akawapiga picha, akawa anamwuliza mama: macho yalikuwa ya nani kati ya hawa? Kidevu? Masikio yalitoka nje kama ya huyu? Mama alionyesha kwa kidole. Madame akachukua macho ya dada, kidevu cha kaka mkubwa, masikio ya mdogo, akaviweka kila kimoja kwenye kalke yake, akavilainisha, na jioni kukawa na kijana ambaye hakuna aliyewahi kumpiga picha. Mama alitazama. Alisogea, akarudi nyuma. Akasema anafanana. Hakusema ndiye. Alisema anafanana, akaichukua, na nasikia ipo ukutani hadi leo.

Nilimwambia Madame siku ile kwamba amefanya muujiza. Alifunika skrini kwa kitambaa chake.

"Amesahau kidogo," alisema. "Njo maana imemutosha."

Neno hilo sikulielewa. Nilikuja kulielewa mumewe alipopotea.

Mumewe tulimfahamu kwa mbali. Alikuwa mrefu, mpole kuliko sare yake, na alipokuja likizo alikaa barazani akimchambulia mkewe maharage huku sisi tunajifunza ndani. Alimtania kwamba amemwacha kwa ajili ya televisheni isiyoonyesha mpira. Kikosi chake kilipelekwa kaskazini ya Mavivi, nje kidogo ya Beni, ndani ya msitu ule wanakotokea wauaji. Siku moja kulitokea shambulio, wengine walirudi, yeye hakurudi, na hakuonekana kati ya waliokufa. Wenzake waliomletea habari walisimama mlangoni na kofia mkononi na hawakuweza kumwambia akae matanga au aache mlango wazi. Walisema tu hawajamwona.

Alisubiri. Alifundisha, alitengeneza picha za watu, binti yao mmoja akikua pale ndani na paji la uso la baba yake, pana, lenye mstari mmoja katikati. Familia ya mume huko Kasai ilipiga simu kila mwezi. Mwanzoni waliuliza habari. Baadaye mama mkwe wake, mwanamke mzee ambaye alikuwa na mtoto huyo mmoja wa kiume, akaanza kuomba matanga. Alitaka kulia kabla na yeye hajafa. Alitaka picha.

Hapo ndipo watu wa mtaani walipoanza kusema lile lililokuwa likizunguka. Hakuna aliyelisema kwa ubaya, labda, ila lilisemwa: kwamba lile koti la bluu lilikuwa la mumewe. Kwamba amewavisha marehemu wote nguo ya mtu aliye hai, na kifo kikajua kipimo chake. Mwanamke mmoja alilisema sokoni, kwenye meza za vitenge, Madame amesimama palepale. Madame alimaliza kupima kitenge chake, akalipa, akarudi nyumbani. Juma lile alikata kitambaa kipya cha kijivu, akashona koti halisi kwa mikono yake, akalivisha kwenye kiunzi cha mshonaji mbele ya dirisha, akalipiga picha kwa simu yangu. Kuanzia siku ile marehemu walivaa kijivu. Akanitaka nifute lile la bluu kwenye flashi yangu na za wenzangu. Nilifuta. Sikumwuliza kama ni kweli.

Aliniambia mwenyewe. Ilikuwa mchana, baada ya simu ya Kasai, na alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Nikamwambia, kwa wema tu, kwamba kama anataka nitamtengenezea picha ya mumewe, asijisumbue yeye. Anipe karte yake.

"Bwana yangu hana karte," alisema. "Soda hapana chagua."

Nilikuwa nimesahau. Askari hawapigi kura. Karte yetu hiyo ambayo sote tunayo, wao hawana. Kitambulisho chake cha jeshi alikuwa nacho mfukoni siku ile msituni. Picha za ndoa zilibaki Kasai, zikaungua na nyumba ya wazazi katika fujo za huko. Simu yake ilikuwa ya kitochi, haina kamera. Picha ilikuwa moja: ile ya koti la bluu, aliyopigwa kwenye harusi ya rafiki, mpiga picha akaiweka kwenye flashi na kesho yake akafuta kamera yake.

Na jioni ya kwanza Madame alipoacha kufungua na kufunga tu kabati za Linux, hiyo ndiyo picha aliyoichukua kujifunzia makasi. Alitaka kujua kama ataweza. Alikizunguka kichwa cha mumewe polepole, nywele kwa nywele, kama anayekata shingo ya gauni, akakitoa. Kilitoka vizuri mno. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, wote wawili wakicheka kuona koti linatazama bila kichwa. Hakuwa amefanya nakala. Hakujua bado kwamba kuna nakala. Alipofunga, mashine ikauliza kama ihifadhi.

"Iliniuliza na heshima," Madame alisema. "Nikajibu na heshima. Ndiyo."

Aliifungua kesho yake, akaona shimo jeupe juu ya kola. Alilia. Mumewe akamshika mabega, akajigonga paji la uso kwa kidole.

"Kichwa iko hapa," alimwambia. "Utapiga ingine."

Hawakupiga nyingine. Si kwa sababu kubwa. Likizo zilikuwa fupi, kulikuwa na maharage ya kuchambua.

Kisha nikasema jambo nililodhani ni zuri kuliko yote niliyowahi kusema. Nilimkumbusha mama wa Kalunguta. Nikamwambia binti yako ana paji la uso lile, ana macho yale. Mpime kwa mita, niambie kidevu, tutampata. Nilikuwa tayari kuwasha jenereta.

Madame alitikisa kichwa. Alisema yule mama alikuwa ameanza kusahau, ndiyo maana neno anafanana lilimtosha. "Mimi bado nakumbuka," alisema. "Nitaona kila kitu yenye hapana yeye." Akanipa kazi ya mtu mwingine nimalizie.

Baada ya hapo alizeeka haraka. Mwanga wa pande mbili aliuacha upite. Mama mkwe alikuwa anadhoofika, na kila simu ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia. Mwishowe Madame alikubali: angekwenda Kasai na binti, matanga yafanyike, na picha au bila picha.

Nilimsindikiza hadi Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, kwa gari la jamaa yangu anayepeleka mboga Beni. Ni njia niliyomwona akiikwepa miaka yote, maana baada ya Mavivi msitu unaanza. Tuliketi nje, juu ya mizigo, kati ya maofisa wanaorudi makwao na wafanyabiashara wenye masanduku. Mashine alikuwa amewaachia wanafunzi wake. Iko kwangu, ndiyo hii. Lakini juu ya magoti alikuwa na karatasi iliyokunjwa kwa duara ndani ya kitenge, na aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

Alinieleza bila mimi kuuliza. Usiku hakulala, wala si kwa sababu ya safari; jioni alitaka kusafisha mashine kabla ya kuiacha, na alipofika kwenye faili ya kwanza ya koti la bluu, ile yenye shimo, akaamua kulifuta yeye mwenyewe. Akalifungua mara ya mwisho. Kwa miaka yote alikuwa akilifungua na kukuza palepale, kola na mabega, kwa sababu pale ndipo kazi ilipokuwa. Safari hii hakuwa na kazi. Akaipunguza picha mpaka ikaingia yote kwenye skrini, na alichokiona akakipeleka alfajiri kuchapishwa.

Alifungua kitenge, akaikunjua karatasi. Upepo wa ndege ulikuwa unaivuta, nikaishika upande mmoja.

Ilikuwa mikono. Mikono miwili ya mwanaume, imelala juu ya magoti ya suruali ya bluu, mikubwa, inang'aa kwenye mwanga wa kushoto. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu jembamba kama uzi. Kwenye kidole cha pete, pete. Mkono mmoja umefunguka kidogo, kama unaotaka kupokea sahani. Ilikuwa pale chini ya picha tangu mwanzo, hakuna marehemu aliyeivaa, hakuna mkasi ulioigusa.

"Hii kovu alijikata kwa panga ya mama yake," Madame alisema. "Alikuwa mutoto. Mama mwenyewe alimufunga." Akaipapasa ile karatasi kwa nyuma ya vidole, kama anavyopapasa hariri. "Ataona mikono, atajua. Sura hapana. Lakini hii ni yeye. Hakuna ya mutu mwengine ndani."

Binti yake alikuja kusema ndege inaita. Madame alivua mita shingoni, akanivika, akaniambia nisiwapige watu nayo sana. Aliikunja picha, akaifunga, akatembea kuelekea kwenye ndege na sweta zake mbili kwenye lile joto la Mavivi. Hakurudi. Nilisikia matanga yalifanyika, na kwamba mama mzee aliitazama ile picha, akaanza kulia kabla hajaambiwa ni nini.

Basi. Sasa washa mashine. Fungua kabati la picha, kisha programu ya picha, kisha picha uliyoileta. Usichukue makasi. Ifanyie nakala, funga ya chini kwa kufuli, bofya mara mbili kwenye jina la kalke hiyo uandike jina la mtu aliye kwenye picha. Halafu bonyeza Shift, Ctrl na J kwa pamoja: picha nzima itaingia kwenye dirisha. Itazame mpaka chini kabisa.